Black: Aliyejifunza meno kwa fundi, akadai wenzake wapite chuoni

MGENI anayefika Singida huvutiwa kwanza na maziwa ya Singidani na Kindai, kisha na miamba mikubwa iliyotapakaa kila upande. Akikaa siku kadhaa huona jambo jingine: baadhi ya wenyeji waliozaliwa na kukulia mkoani humo wana meno yenye rangi ya kahawia, tangu utotoni.

Leo sababu inajulikana. Maji ya visima vingi vya ukanda huo wa Bonde la Ufa yana madini ya floridi kwa kiwango kikubwa. Lakini mwanzoni mwa karne iliyopita hakuna aliyelijua hilo, na mmoja wa watu wawili waliofungua njia ya kulifahamu ni Mmarekani aliyeingia katika uganga wa meno bila kupita mlango wa chuo chochote cha fani hiyo.

Jina lake ni Greene Vardiman Black. Alizaliwa Agosti 3, 1836, katika familia ya wakulima karibu na mji wa Winchester, Jimbo la Illinois. Shule haikumvutia sana. Alipenda zaidi kuzurura porini akichunguza mimea na wanyama. Akiwa na umri wa miaka 17 alikwenda kuishi na kaka yake aliyekuwa daktari, akaanza kusoma tiba.

Mwaka 1857 alijiunga na J. C. Speer, mganga wa meno aliyekuwa akifanya kazi jirani, akajifunza kwa kumtazama na kumsaidia. Baada ya hapo alirudi Winchester, akafungua chumba chake cha matibabu. Hakuna aliyemuuliza cheti, kwa kuwa wakati huo hapakuwa na wa kuuliza.

Ingawa chuo cha kwanza cha meno duniani kilikuwa kimeanzishwa Baltimore mwaka 1840, waganga wengi wa Marekani walijifunza kama alivyojifunza Black. Kinyozi, fundi saa au mchuuzi angeweza kununua koleo leo na kuanza kung'oa meno kesho. Aliyeumia taya au kufa kwa uchafu wa vifaa hakuwa na pa kulalamika.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, Black alijiunga na jeshi la Muungano, akaumia goti. Mwaka 1864 alihamia mji wa Jacksonville. Huko ndiko alikojisomesha upya: alichukua hadubini, akasoma kemia, akapima nguvu ya taya na ugumu wa jino, akabuni mashine ya kutoboa meno iliyoendeshwa kwa mguu mfano wa cherehani. Shahada alitunukiwa baadaye, kwa heshima ya kazi aliyokwisha kuifanya.

Mtu wa namna hiyo angeweza kujivuna kwamba chuo si lazima. Black alifikia uamuzi tofauti. Alijua ni miaka mingapi aliitumia kusahihisha aliyoyaanza bila kuyaelewa, na kwamba gharama ya kujifunza huko ililipwa na vinywa vya wagonjwa. Illinois ilipopitisha sheria ya kusimamia fani hiyo mwaka 1881, aliiongoza bodi iliyopewa kazi ya kuwatahini waganga wa meno.

Kuanzia mwaka 1897 hadi kifo chake alikuwa mkuu wa shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago. Alitafuta mchanganyiko bora wa madini ya kuzibia meno, na mwaka 1908 alitoa kitabu kilichoyagawa matundu ya meno katika makundi kulingana na mahali yanapotokea. Mgawanyo huo unafundishwa hadi leo.

Mwaka 1909 daktari kijana, Frederick McKay, alimwita Colorado, ambako watoto walikuwa na meno ya kahawia yasiyoelezwa na kitabu chochote. Black alishangaa kwamba fani yake haikuwa na habari za ugonjwa ulioenea hivyo. Walibaini kwamba doa huingia wakati jino linajengeka utotoni, na kwamba jino lenye doa halikuwa rahisi kuoza kuliko jingine. Black alifariki Agosti 31, 1915. Matokeo yao yalichapishwa mwaka uliofuata. Floridi ilitambuliwa kuwa chanzo mwaka 1931.

Kwa mkazi wa Singida, ugunduzi huo si hadithi ya mbali. Asiyesoma huona jino la kahawia akadhani limeoza, akalikwangua au kuling'oa. Aliyesoma hujua kwamba mara nyingi jino hilo ni zima, na kwamba wa kuchunguzwa ni maji ya kisima. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Tanzania ilianza kufundisha madaktari wa meno Muhimbili mwaka 1979. Daktari husoma shahada kwa miaka mitano, hufuatia mwaka wa utarajali, ndipo husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, chini ya sheria ya mwaka 2017. Bingwa, awe wa upasuaji wa taya au wa kupanga meno, husoma shahada ya pili. Tabibu meno mwenye stashahada, ambaye ndiye wananchi wengi wa wilayani humkuta, hung'oa, huziba na kutoa elimu. Yanayozidi ujuzi wake huyapeleka mbele kwa rufaa.

Hata hivyo, wapo wanaochokonoa fizi za watoto wachanga kwa kisingizio cha meno ya plastiki, wakiacha vidonda, maambukizi na wakati mwingine vifo. Hao wanaishi katika dunia ile aliyoikuta Black mwaka 1857.

Mzazi anayempeleka mtoto kutibiwa ana haki ya kuuliza mtoa huduma amesomea nini na amesajiliwa wapi. Black, aliyeingia bila kuulizwa, alitumia nusu ya maisha yake kuhakikisha swali hilo linaulizwa.