Daktari Hosmon wa Maskati

Hapa Balad, Jeddah, binti zetu wanaoanza kazi ya kuzalisha husimuliwa habari za Bibi Rufaida wa Madina. Mimi huwaongezea Daktari Sarah Hosmon, Mmarekani. Alikuja kwa misheni, hilo halikufichika, lakini kazi yake ni ya kukumbukwa.

Alizaliwa Kentucky mwaka 1883, na mguu wake mmoja ulikuwa wa mti. Alifika Ghuba mwaka 1911, na 1913 akafungua zahanati ya wanawake Maskati. Siku hizo mzazi akishajifungua alijazwa chumvi ukeni, ikidhaniwa ni dawa. Kovu liliziba njia, na uzazi uliofuata ukawa hatari kwa mama na mtoto. Madaktari wa misheni walipasua palipoziba na kuwasihi wakunga waiache chumvi. Wakunga wenyewe hawakuwa wabaya. Ndivyo walivyofunzwa na mama zao.

Baada ya Maskati alihamia Saham, pwani ya Batina. Mwaka 1952, akikaribia miaka 70, akaanza upya Sharjah. Wangapi wetu tungethubutu? Hospitali ile ikaja kuitwa kwa jina lake. Alifariki 1964.

Msomaji wa Sharjah, muulize mama yako ulizaliwa wapi.