Friedrich Wilhelm Raiffeisen (1818–1888): Baba wa Nyumba na Mwanzilishi wa Benki za Wanavijiji

Katika kurasa zilizotangulia za kitabu hiki cha jubilei ya miaka 100 tumewakumbuka wainjilisti, wachungaji, wazee wa kanisa na akina mama waliojenga usharika huu kwa jasho lao. Ni vema tumkumbuke pia mtu mmoja ambaye hakuwa mchungaji wala hakukanyaga udongo wa nchi yetu, lakini matunda ya kazi yake yamo mikononi mwa wengi wetu. Kila msharika anayeweka akiba katika SACCOS, akadhaminiwa na jirani yake, akapata mkopo wa ada ya mtoto au wa ng'ombe wa maziwa, anapita katika njia iliyofyekwa na Friedrich Wilhelm Raiffeisen wa Ujerumani.

Raiffeisen alizaliwa tarehe 30 Machi 1818 huko Hamm, karibu na mto Sieg, katika nchi ya vilima iitwayo Westerwald. Alikuwa mtoto wa saba kati ya tisa. Baba yake, mkulima aliyewahi kuwa meya, alidhoofika, na mzigo wa malezi ukamwelemea mama. Fedha za kumsomesha kijana katika shule za juu hazikuwapo. Mchungaji wa mahali pale, Seippel, alimfundisha mwenyewe, akapanda ndani yake imani ambayo baadaye ilizaa matendo. Alipofikia umri wa miaka 17 aliingia katika jeshi la Prussia, lakini ugonjwa wa macho ulimlazimisha kuliacha mwaka 1843. Ugonjwa huo ulimfuata hadi kaburini.

Mwaka 1845 aliteuliwa kuwa meya wa Weyerbusch. Cheo hicho hakikuwa cha mjini kama tunavyokielewa leo. Meya wa mahali pale aliangalia vijiji zaidi ya ishirini, mfano wa mtendaji wa kata wa siku zetu. Mwaka huo huo alifunga ndoa na Emilie Storck, binti wa mfamasia. Mungu aliwajalia watoto saba, lakini watatu kati yao waliwazika wangali wadogo. Kwa hiyo Raiffeisen alipoingia katika nyumba za maskini wenye huzuni, hakuingia kama mgeni.

Katika majira ya baridi ya mwaka 1846 na 1847 njaa kali iliikumba nchi hiyo, kwa kuwa viazi viliharibiwa na ugonjwa na mavuno ya nafaka yakapungua. Serikali ilituma nafaka, ikaagiza iuzwe kwa fedha taslimu tu. Maskini hawakuwa na fedha. Meya kijana alichagua kuwapa kwa mkopo, akijua kwamba anavunja agizo la wakubwa wake. Kisha aliwashawishi wenye uwezo wachangie mfuko, wakanunua nafaka, wakajenga tanuri la kijiji, na mkate ukapatikana kwa bei nafuu.

Mwaka 1848 alihamishiwa Flammersfeld. Huko alikuta adui mwingine, nao ni mkopo wa riba kubwa. Mkulima alichukua ng'ombe kwa mkopo. Akishindwa kulipa alinyang'anywa ng'ombe, na wakati mwingine shamba pia. Mwaka 1849 Raiffeisen aliwakusanya watu 60 wenye mali, wakaweka dhamana ya pamoja ili wakulima wapate mifugo na kulipa kidogo kidogo. Mwaka 1852 alihamia Heddesdorf, karibu na mto Rhine, na mwaka 1854 akaanzisha huko chama cha hisani kilichotunza watoto walioachwa na kuwasaidia waliotoka gerezani, pamoja na kutoa mikopo.

Hapo ndipo alipojifunza somo kubwa la maisha yake. Wafadhili walianza kwa moyo, lakini miaka ilivyopita walichoka, wakajitoa mmoja mmoja. Raiffeisen alitambua kwamba hisani ya tajiri ina mwisho, na kwamba maskini anayepokea daima habadiliki kuwa mwenye nyumba anayesimama mwenyewe. Mwaka 1864 chama cha Heddesdorf kiligeuzwa kuwa chama cha mikopo ambacho mkopaji alipaswa kuwa mwanachama na kubeba wajibu pamoja na wenzake.

Taratibu zake zilikuwa nyepesi kueleweka. Eneo la chama liwe dogo, mfano wa usharika mmoja, ili watu wafahamiane. Kila mwanachama awajibike kwa mali yake yote kwa ajili ya deni la chama. Viongozi watumike bila mshahara, isipokuwa mtunza hazina. Faida isigawanywe, bali iwe akiba isiyogawanyika. Muda wa mkopo uendane na mavuno ya mkulima. Hermann Schulze-Delitzsch, aliyeanzisha vyama vya akiba na mikopo vya mafundi na wafanyabiashara wa mijini, alimpinga vikali, akihofia kwamba mikopo ya muda mrefu itavihatarisha vyama. Raiffeisen hakurudi nyuma. Mwaka 1872 alianzisha benki kuu ya vyama vya vijijini, ili chama chenye ziada kikisaidie chenye upungufu.

Lakini hesabu ya kazi hiyo haikamiliki bila kutazama ndani ya nyumba yake. Mwaka 1863 Emilie alifariki, akimwachia mume watoto wanne. Raiffeisen naye aliugua sana, macho yakazidi kufifia, na mwaka 1865 akastaafu akiwa na miaka 47. Pensheni yake ilikuwa ndogo, naye hakutaka kuishi kwa fedha za vyama. Alilisha familia kwa biashara ya sigara na baadaye ya mvinyo. Binti yake mkubwa, Amalie, ndiye aliyekuwa macho yake. Alimsomea barua, akaandika majibu, akaandika kwa kuamriwa kitabu kuhusu vyama vya mikopo kilichochapishwa mwaka 1866. Amalie hakuolewa. Miaka yake ya ujana ilipita mezani kwa baba yake, na alifariki mwaka 1897.

Tunapomsifu baba, tumwogope Mungu tusimsahau binti. Raiffeisen aliwapenda watoto wake, lakini kazi yake njema ilidai kwao gharama ambayo hakuna daftari la chama lililoiandika. Wala hatufichi kwamba katika maandishi yake yamo maneno ya kuwalaumu Wayahudi kwa ubaya wa wakopeshaji, maneno ambayo Mkristo hawezi kuyatetea. Alikuwa mtumishi, naye alihitaji neema kama sisi.

Alifariki tarehe 11 Machi 1888 huko Heddesdorf, siku 19 kabla ya kutimiza miaka 70. Wakati huo vyama vyake vilikuwa mamia. Mwaka 1900 Alphonse Desjardins alianzisha chama cha akiba na mikopo huko Lévis, Kanada, baada ya kujifunza mifano ya Ulaya. Kutoka Amerika ya Kaskazini, katika karne ya 20, mbegu hiyo ilifika Afrika. Mwaka 2016 UNESCO iliingiza wazo la ushirika katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Usharika unapoingia katika miaka 100 mingine, urithi huu unatudai jambo moja. Chama cha akiba hakisimami kwa fedha peke yake. Kinasimama kwa uaminifu wa mtu anayejulikana na jirani zake. Anayekopa akakwepa kurejesha haiibii ofisi, bali anamwibia mjane aliyemdhamini. Na katika kila nyumba ya mwinjilisti au mzee wa kanisa aliyesifiwa katika kitabu hiki, huenda alikuwapo Amalie mmoja, mke au binti, aliyebeba taa ili wengine waone. Kwa ajili yao wote tunamshukuru Mungu.