Siti binti Saad: Muuza vyungu wa Fumba aliyeomoka na sauti, akaacha ushahidi wa mauaji ndani ya wimbo

Msee wangu wa Kombani, ukiwa hapo stage unangoja gari la Likoni na bando iko, hebu wacha video za udaku kidogo uandike jina hili kwenye simu: Siti binti Saad. Itatoka sauti yenye mikwaruzo kama viazi vinakaangwa. Usiizime. Huyo mama alifariki tarehe 8 Julai 1950, na rekodi zake za kwanza zilifanywa Bombay mwaka wa 1928. Nyanya yako pengine alikuwa hajazaliwa.

Stori inaanzia Fumba, kijiji cha Unguja, mwaka wa 1880. Babake Mnyamwezi, mamake Mzigua, familia ya watu waliopitia utumwa. Mtoto akapewa jina Mtumwa. Ndio, umesoma vizuri. Sheria ya kufuta utumwa Zanzibar ilikuja 1897, yeye tayari ni msichana wa miaka 17 anayeitwa hivyo kila asubuhi. Shule hakukanyaga. Nyumbani walikuwa wafinyanzi, so yeye alibeba vyungu akizunguka kuuza, akivinadi kwa sauti. Watu walijua amefika hata kabla hawajamwona. Hiyo ndio ilikuwa promo yake, bila hata senti ya tangazo.

Mwaka wa 1911 akaamua kijiji basi, akahamia mjini. Huko mwanamuziki Ali Muhsin akaisikia ile sauti, akamfundisha kuimba na kupiga ala. Baadaye akawa na mbogi yake: Subeit Ambar, Buda Swedi, Mbaruk Talsam na Mwalim Shaaban. Jina la Mtumwa likazikwa. Akawa Siti, yaani bibi mwenye heshima.

Sasa elewa taarab ilikuwa nini wakati huo. Ilikuwa mziki wa ikulu. Sultani Barghash ndiye alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza, na nyimbo ziliimbwa kwa Kiarabu, za mabwana wakubwa. Siti akaishukisha mtaani, akaiimba kwa Kiswahili, kwa watu wa Ng'ambo, ule upande wa mji wa wapagazi, wapishi na mafundi. Kwa maoni yangu hiyo peke yake inatosha apewe barabara ya lami.

Mahasidi hawakukosa, manze. Walimtungia nyimbo za kumchamba: eti ametoka shamba na kitambaa kikuukuu, eti sura hana, eti tangu lini naye akawa mtu. Yeye hakulia. Akajibu kwa wimbo vilevile, kwamba sura na ukoo si kitu, kitu ni akili na kipaji. Leo wale waliomtusi tunawajua tu kwa sababu walimtusi yeye.

Bombay alienda na wenzake kurekodia kampuni ya HMV. Kufikia 1931 santuri zaidi ya 70,000 zilikuwa zimeuzwa, na hiyo ni enzi ambayo gramafoni moja ilikuwa ikisikizwa na mkahawa mzima wa kahawa. Usidhani hiyo ni stori ya Unguja peke yake. Pwani hii ni moja. Vanga na Wasini zinatazamana na Pemba, majahazi yalikuwa yakipita na mizigo, na nyimbo nazo hazilipi nauli.

Lakini nataka ukae na wimbo mmoja, Kijiti. Sitaunukuu, nitakupa kisa tu. Mwanamke alitoka Dar es Salaam kuja Zanzibar kutembea, akaenda ngomani. Mwanamume anayeitwa Kijiti akamchukua huyo mgeni, akampeleka porini, akamuua. Alikuwa na mimba. Kijiti akatoroka, akavuka maji. Wenzake marehemu waliojitokeza kutoa ushahidi kortini mbele ya hakimu wa kikoloni wakageuziwa kesi wao: akawatukana, wakafungwa, kisa pombe ya usiku ule. Muuaji yuko nje, mashahidi wako ndani. Unaiona hiyo?

Siti hakuwa na kura, hakuwa na gazeti, hata kalamu hakuwa nayo. Akaimba. Aliweka jina la muuaji, akaweka majina ya mashahidi waliofungwa, akaweka na hasira ya mji wote. Kijiti alidhani akishavuka bahari yameisha, kumbe wimbo nao unavuka. Bi Kidude, aliyefariki 2013, aliendelea kuuimba akiwa bibi wa miaka mingi, na kupitia yeye ukafika kwenye sidii, kisha kwenye intaneti. Korti ilikuwa na faili yake. Wanawake walikuwa na yao, na ya kwao ndio wewe unaweza kuifungua leo ukiwa juu ya boda.

Enyewe ilikuwa karibu ipotee. Santuri za zamani ni kitu cha kuvunjika, ukiidondosha imekwisha, na sindano ya chuma inaila kila inapopigwa. Upande mmoja unabeba kama dakika tatu tu. Kilichookoa ni watu. Shaaban Robert alimhoji Siti kabla hajafa na kuandika wasifu wake. Wanahabari wanawake wa Tanzania, TAMWA, walipoanzisha jarida lao mwaka wa 1988 waliliita Sauti ya Siti. Kitukuu wake, Siti Muharam, alitoa albamu ya nyimbo zake mwaka wa 2020. Na kuna wazee waliotunza santuri chini ya vitanda, na vijana waliozihamisha kwenye kompyuta.

Sasa angalia kwenu. Kuna kanda ya harusi ya shangazi kule Kwale, chakacha mwanzo mwisho, inakula ukungu wa pwani kwenye droo. Ukitaka kuihamisha, kaa naye chini kwanza: nani anaimba, anamwimbia nani, mwaka gani, nani alitunga. Faili ukiiita taarab ya zamani tu, hakuna atakayeitafuta akaipata, na hao wanawake watabaki kelele nyuma ya ngoma. Na akikwambia ile ngoma ilikuwa ya wanawake peke yao, basi usiipandishe mtandaoni. Weka nakala mbili kwenye flashi, moja umwachie yeye.