Alexandre Prigogine na Ndege wa Itombwe

Mtu akisimama asubuhi juu ya milima ya Rurambo, huona bonde la Ruzizi chini yake, na mbali kidogo maji ya Ziwa Tanganyika yaking'aa upande wa Uvira. Akigeuka kutazama machweo ya jua, huona milima juu ya milima. Huko ndiko Itombwe, nchi ya baridi na ukungu, yenye mianzi na misitu mikubwa. Mlima wake mrefu kuliko yote, Mohi, una urefu wa mita 3,475. Katika nchi hiyo wamepatikana ndege wa aina zaidi ya mia tano. Ni nani aliyewahesabu? Watu wengi walisaidia, lakini mmoja aliifanya kazi hiyo kwa saburi kuliko wote. Jina lake Alexandre Prigogine.

Prigogine alizaliwa mjini Moscow, katika nchi ya Urusi, mwaka 1913. Alipokuwa mtoto kulitokea mapinduzi katika nchi yake, na mwaka 1921 wazazi wake wakahama pamoja na watoto wao. Wakakaa Ujerumani, na baadaye wakaenda Ubelgiji. Mdogo wake, Ilya, alikuwa mtaalamu mkubwa wa kemia, akapata tuzo ya Nobel mwaka 1977. Alexandre naye alisoma kemia. Kisha akaja Kongo, akafanya kazi ya madini katika nchi ya Kivu.

Basi, kazi yake ya mshahara ilikuwa mawe, wala si ndege. Lakini alikuwa na macho ya kutazama na masikio ya kusikiliza. Aliona kwamba ndege wa msitu wa bondeni si sawa na ndege wa milimani. Mtu akipanda mlima, huacha aina moja nyuma na kukutana na aina nyingine mbele. Prigogine akataka kujua: kila ndege anakaa wapi, na anapanda mpaka urefu gani?

Swali hili halijibiwi kwa siku moja, wala kwa mguu wa mtu mmoja. Prigogine aliwatafuta wenyeji wenye kuujua msitu, akawafundisha kazi. Wakati ule wataalamu waliwaua ndege, wakazikausha ngozi zao, wakazitia pamba ndani zisiharibike. Kisha kila ndege alifungwa mguuni kikaratasi kidogo. Juu yake waliandika mahali alipopatikana, tarehe, urefu wa mahali pale, na kama ni dume au jike. Ndege asiye na kikaratasi ni manyoya tu. Mwenye kikaratasi ni shahidi.

Mwezi wa Machi 1951, mahali paitwapo Muusi, penye urefu wa mita 2,430, alipatikana bundi mmoja. Watu wengi humchukia bundi, wakisema kwamba huleta msiba, wala hawataki kumtazama. Lakini bundi huyu alitazamwa vizuri, naye alionekana kuwa si kama bundi wengine waliojulikana katika Afrika. Mwaka 1952 mtaalamu wa Ubelgiji, Henri Schouteden, alimpa jina la Prigogine. Katika dunia nzima bundi wa aina hiyo aliyejulikana alikuwa yule mmoja tu.

Mwaka 1955, mahali paitwapo Malenge, alipatikana ndege mwingine. Yeye ni wa jamii ya wale ndege wa usiku ambao hulala chini mchana, wakifanana na majani makavu. Ngozi yake ilikaa miaka 35 kabla ya kutambuliwa kuwa ya aina ya peke yake. Mwaka 1990 mtaalamu Michel Louette alimwandika, akampa naye jina la Prigogine. Miaka yote ile kikaratasi kilikuwa kikingoja mguuni.

Ndege hao walipewa jina la Prigogine, si la wale waliopita katika matope na miiba ya msitu. Lakini bila wenyeji hao hesabu yake isingekamilika.

Prigogine alikusanya habari zote hizo katika kitabu kikubwa juu ya ndege wa Itombwe na nchi za jirani. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1971, ya pili mwaka 1978, na ya tatu mwaka 1984. Mwaka 1983, akiwa mzee wa miaka 70, alimwandika bundi mwingine mdogo wa milima hii, ambaye hakuwa ameandikwa na mtu yeyote. Prigogine alifariki mwaka 1991.

Alipokufa, bundi wa Muusi alikuwa hajapatikana tena. Je, aina yake ilikuwa imekwisha? Hakuna aliyeweza kusema. Lakini kikaratasi kilisema Itombwe, na wataalamu wakarudi Itombwe. Mwezi wa Mei 1996, miaka 45 baada ya yule wa kwanza, bundi jike alinaswa katika wavu. Safari hii hakuuawa. Walimpima, wakampiga picha, wakamwacha aende zake. Miaka 10 baadaye, mwaka 2006, serikali ya Kongo iliifanya Itombwe kuwa hifadhi.

Msitu ukikatwa kabla ya kuandikwa, hakuna ajuaye kilichopotea. Prigogine hakuja Kivu kwa ajili ya ndege, lakini alitazama na kuandika bila kuchoka. Mtoto wa Rurambo anawasikia ndege hao kila asubuhi aendapo shuleni. Naye anaweza kuandika katika daftari yake: ndege gani, mahali gani, siku gani. Hahitaji kumpiga kwa manati.

Maswali
1. Kazi ya mshahara ya Prigogine ilikuwa nini?
2. Ni mambo gani yaliyoandikwa juu ya kikaratasi?
3. Bundi wa Muusi alionekana tena baada ya miaka mingapi?
4. Taja ndege watatu wa kwenu, na mahali wanapokaa.