Joseph Thomson: Msomi wa mawe aliyeshindwa na mapango ya Elgon

SIRISIA iko chini ya miteremko ya kusini ya Mlima Elgon, katika Bungoma, karibu na mpaka wa Uganda. Mwishoni mwa mwaka wa 1883, miteremko hiyo ilipitiwa na Mskoti mmoja mwenye umri wa miaka 25 aliyekuwa amesomea jiolojia katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Jina lake, Joseph Thomson, lingali hai Afrika Mashariki kupitia swala tomi. Wachache wanakumbuka kwamba taaluma yake hasa ilikuwa mawe.

Thomson alizaliwa Februari 14, 1858, katika kijiji cha Penpont, kusini mwa Scotland. Baba yake alikuwa mwashi ambaye baadaye aliendesha machimbo ya mawe, na ni katika machimbo hayo kijana huyo alianza kuyachunguza mawe kabla ya kuyasoma vitabuni. Alijiunga na chuo mwaka wa 1875, akafundishwa na Profesa Archibald Geikie, mmoja wa wanajiolojia wakuu wa zama zile, na kumaliza masomo mwaka wa 1878 akiwa na medali. Hakubaki kutafuta shahada nyingine. Mwaka uo huo aliteuliwa kuwa mwanajiolojia katika msafara wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia uliotoka Dar es Salaam kwenda maziwa ya Nyasa na Tanganyika.

Kiongozi wa msafara huo, Keith Johnston, alifariki Behobeho mnamo Juni 1879. Thomson, akiwa na miaka 21, akajikuta mkuu wa safari nzima. Aliifikisha mwisho kwa msaada wa Chuma, yule aliyekuwa miongoni mwa watu walioubeba mwili wa Livingstone hadi pwani. Na ni haki kusema kwamba bila Chuma, huenda sifa za Thomson zisingekuwapo.

Mtihani wake mkubwa wa kitaaluma ulifuata mwaka wa 1881. Sultani Barghash wa Zanzibar alikuwa na meli zilizohitaji makaa ya mawe, na kulikuwa na habari kwamba makaa hayo yako kando ya Mto Ruvuma. Thomson akaajiriwa kwenda kuyakagua. Alichokuta ni mawe meusi yenye mafuta kidogo, yasiyofaa kuwasha tanuri la meli. Angeweza kumpa mwajiri wake matumaini na kula mshahara kwa amani. Badala yake alirudi Unguja akasema kwamba hakuna makaa ya maana. Sultani hakufurahi, na ajira hiyo haikudumu.

Safari iliyompa umaarufu ilianza Mombasa mnamo Machi 1883. Alipita Taveta, Ngong, Naivasha na Baringo, katika nchi ya Wamaasai ambayo misafara mingi iliiogopa. Hufahamika zaidi kwa vituko vyake vya kung'oa meno ya bandia na kuchemsha chumvi ya dawa ili aonekane mganga, lakini jambo la kuheshimiwa ni kwamba alipendelea kungoja na kujadiliana kuliko kufyatua bunduki. Hatimaye akafika kwa Wawanga, katika mji unaoitwa leo Mumias, ambako Nabongo Mumia alikuwa ameshika utawala hivi karibuni. Desemba akaliona Ziwa Victoria, kisha akageuka kuelekea Elgon.

Huko alikuta mapango makubwa ambamo watu wa jamii ya Wakony waliishi pamoja na mifugo yao. Msomi akawauliza wenyeji nani aliyeyachimba. Walimjibu kwamba ni kazi ya Mungu, maana zana zao zilikuwa ndogo mno kwa kazi kama ile. Thomson hakuridhika. Aliamua kwamba yalichimbwa na taifa la kale lenye nguvu, pengine Wamisri, waliokuwa wakitafuta vito au madini.

Mwanafunzi wa uzamili wa leo akiwasilisha hoja ya namna hiyo baada ya ziara fupi hivyo, msimamizi wake angemrudisha mlimani. Elgon ni mlima wa volkano ulioanza kujengeka zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, na mapango yake yamo katika majivu na vipande vya mawe vilivyogandamana. Maji huulegeza mwamba huo. Katika pango la Kitum, upande wa Kitale, ndovu wamekuwa wakiingia gizani zaidi ya mita 150 na kuchokonoa kuta kwa pembe ili walambe chumvi. Wafugaji pia wamechimba humo chumvi ya mifugo. Hakuna haja ya Mmisri. Yule aliyekataa kumwambia Sultani alichotaka kusikia, Elgon alikataa kusikia walichomwambia wenyeji.

Alipokuwa akiondoka eneo hilo, mwaka ukiwa ukingoni, nyati aliyejeruhiwa alimpiga pembe, kisha akashikwa na ugonjwa wa kuhara damu. Ilibidi abebwe sehemu kubwa ya njia kabla ya kufika pwani mwaka wa 1884. Mwaka uliofuata alitunukiwa medali ya dhahabu ya Jumuiya ile, na Askofu James Hannington, aliyeifuata njia yake, akauawa Busoga.

Thomson alisafiri Sokoto na Morocco. Mwaka wa 1890 alitumwa na kampuni ya Cecil Rhodes kwenda kutafuta mkataba kwa Msiri wa Katanga, nchi ya shaba, lakini ndui miongoni mwa wapagazi wake na maradhi yake mwenyewe vilimrudisha. Hakupona kabisa tena. Alifariki London mnamo Agosti 2, 1895, akiwa na miaka 37. Mwaka uo huo, jeshi la Waingereza lililotumia Mumias kama kituo liliwashambulia Wabukusu katika ngome zao za Lumboka na Chetambe.