George Boole: Mtoto wa Fundi wa Viatu Aliyetafuta Hesabu ya Fikra

Ndugu msomaji, kabla sijakusimulia maisha ya mtu huyu, sharti nikiri kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifikisha kwake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Muhula uliopita nilikuwa msaidizi wa maktaba. Dada mmoja wa kidato cha kwanza alikuwa ameazima vitabu viwili, kamusi na kitabu cha historia. Kamusi akairudisha, nami nikaiweka rafuni, lakini kengele ikalia na sikuandika kitu daftarini. Basi wiki ya mwisho jina lake likasomwa gwarideni pamoja na wenye madeni, akaambiwa amlete mzazi. Alilia, jamani! Siku ya pili kamusi ikaonekana rafuni imetulia tu. Kwa aibu na haraka nikachukua rula, nikapiga mstari juu ya jina lake lote. Kumbe kile kitabu cha historia alikuwa bado nacho! Sasa kikawa hakijulikani kiko kwa nani. Mara ya kwanza sikubadilisha kilichobadilika. Mara ya pili nikabadilisha hata ambacho hakikubadilika.

Mwalimu wetu wa tarakilishi aliposikia alicheka, halafu akanieleza kuwa kosa hilo limewasumbua wataalamu wakubwa wanaojaribu kuifundisha mashine kufikiri, na kwamba nikitaka kulielewa nianze na George Boole. Nilimtafuta vitabuni, na haya ndiyo niliyoyapata.

Boole alizaliwa tarehe 2 Novemba 1815 katika mji wa Lincoln, Uingereza. Babake, John, alikuwa fundi wa viatu, na mamake, Mary Ann, aliwahi kuwa mtumishi wa nyumbani. Huyo baba alipenda hesabu na kutengeneza darubini kuliko kushona viatu, kwa hivyo duka halikuendelea vizuri. Mali hakuwa nayo ya kumpa mwanawe, lakini alimfundisha hesabu. Kilatini kijana alianzishiwa na muuza vitabu mmoja wa pale mjini, na Kigiriki akajifunza mwenyewe. Alipokuwa na miaka 14 shairi la Kigiriki alilolitafsiri lilichapishwa gazetini. Mwalimu mmoja akapinga, ati mtoto wa umri ule hawezi kufanya kazi kama ile. Hapo nilitabasamu, maana hata sisi tukiandika insha nzuri huambiwa tumenakili.

Mwaka wa 1831 biashara ya babake ikaanguka. George, akiwa na umri wa miaka 16 hivi, umri wangu hasa, akaenda mji wa Doncaster kuwa mwalimu msaidizi ili awalishe wazazi na wadogo zake. Hebu fikiria, wewe unayelalamika kufagia darasa! Usiku alisoma peke yake. Inasemekana alipenda kununua vitabu vya hesabu kwa sababu kitabu cha namna hiyo huchukua muda mrefu kumalizika, na yeye pesa za kununua vingi hakuwa nazo. Akapambana na kitabu kigumu cha Mfaransa Lacroix bila mtu wa kumwelekeza. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwaka wa 1834, akiwa na miaka 19 tu, alifungua shule yake mwenyewe pale Lincoln. Chuo kikuu hakukanyaga kama mwanafunzi. Mhariri wa jarida la hesabu la Cambridge, Duncan Gregory, aliziona makala zake akamtia moyo, lakini Boole akienda chuoni nani angewalisha wazazi? Alibaki kufundisha mchana na kuandika usiku. Mnamo 1844 Jumuiya ya Kifalme ya London ilimtunuku nishani ya dhahabu kwa kazi yake ya hesabu. Mnamo 1849, bila shahada yoyote, akateuliwa kuwa profesa wa hesabu katika chuo kipya cha Cork, huko Ayalandi, nchi iliyokuwa ikitoka katika njaa kubwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Sasa tufike kwenye kazi iliyompa jina. Tangu zama za Aristotle, zaidi ya miaka 2000, mantiki ilikuwa somo la maneno. Boole akajiuliza kama fikra nazo zinaweza kukokotolewa kama hesabu. Alitoa kitabu kidogo mwaka wa 1847, kisha kikubwa mwaka wa 1854 kuhusu sheria za fikra.

Usiogope, si mambo magumu vile. Chukua herufi x iwe ni kitendo cha kuchagua wanafunzi wa kutwa kutoka katika kundi zima. Ukishawachagua, chagua tena wanafunzi wa kutwa kutoka kwa hao hao. Unapata nani? Wale wale. Kwa hivyo x mara x ni x. Katika namba za kawaida ni mbili tu zinazotii sheria hiyo, 0 na 1. Kwa Boole, 1 ni kila kitu na 0 ni kutokuwapo kitu. Wasio wa kutwa basi ni 1 kutoa x. Zidisha x kwa 1 kutoa x, jibu ni 0. Maana yake hakuna mwanafunzi aliye wa kutwa na papo hapo asiye wa kutwa.

Nilipofika hapo nilikwama. Ile kamusi ilikuwa kwa yule dada siku moja, na siku nyingine haikuwa kwake. Je, sheria imevunjika? Nikasoma mbele, kumbe Boole alishaliwaza hilo. Katika kitabu chake cha 1854 alifundisha kwamba sentensi ya namna hii ihesabiwe kwa ule muda ambao ni ya kweli. Basi sheria haikuvunjika, bali wakati umesonga. Daftari langu ndilo lililobaki nyuma.

Ila Boole hakuonyesha namna kitendo kimoja kinavyoivusha dunia kutoka hali ya jana hadi hali ya leo. Hakupewa muda mrefu. Mwaka wa 1855 alimwoa Mary Everest, binti wa nduguye George Everest, yule ambaye mlima mrefu kuliko yote duniani umepewa jina lake. Walijaliwa mabinti watano. Alicia aligundua mambo ya maumbo ya hesabu, Lucy akawa mtaalamu wa kemia, na Ethel akawa mwandishi wa riwaya.

Mwishoni mwa mwaka wa 1864 Boole alitembea kilomita tano hivi kwenye mvua kubwa kwenda chuoni, akafundisha nguo zikiwa zimelowa. Sisi wanafunzi wa kutwa tunaijua mvua ya njiani, lakini yeye hakupona. Alishikwa na homa ya mapafu. Inasimuliwa kwamba mkewe aliamini dawa ya ugonjwa ifanane na kilichouleta, hivyo akawa anamlowesha kwa maji baridi. Tarehe 8 Desemba 1864 Boole alifariki akiwa na miaka 49. Binti yake wa mwisho alikuwa bado mtoto mchanga.

Mti ulianguka lakini mbegu ilibaki. Mwaka wa 1937 Mmarekani Claude Shannon alionyesha kwamba swichi za umeme zinatii hesabu ya Boole, iliyofungwa na iliyofunguliwa, 1 na 0. Ndani ya kila tarakilishi na kila simu ya mkononi yumo huyu mtoto wa fundi wa viatu.

Wengine wakaendelea pale alipoachia. Mwaka wa 1969 John McCarthy na Patrick Hayes waliandika namna ya kuifanya mashine ifikiri juu ya vitendo kwa mantiki. Unaeleza hali ilivyo, unaeleza kitendo, kisha mashine itambue hali inayofuata. Wakakutana na shida. Ukihamisha kitabu, mahali pake pamebadilika, lakini rangi ya ukuta haikubadilika, wala idadi ya madawati, wala jina la mwalimu. Je, yote hayo yaandikwe? Daftari halitaisha hata kiama! Waliliita tatizo la fremu. Dawa ambayo wataalamu wengi wameifuata ni kutafuta kanuni inayosema kila kitu kibaki kilivyokuwa, isipokuwa kile kilichoguswa na kitendo. Rula yangu haikuijua kanuni hiyo.

Halafu mwaka wa 1991 Katsuno na Mendelzon wakatenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna kusahihisha, yaani dunia haikubadilika ila sisi tuliandika uongo. Kuna na kuhuisha, yaani tuliandika kweli, lakini dunia imebadilika. Yule dada alipochukua kamusi niliandika kweli. Alipoirudisha nilitakiwa kuhuisha. Gwarideni yeye akaonekana mwongo, kumbe daftari ndilo lilikuwa la zamani. Mashine za leo zinazotunza hazina za maarifa, ziwe za hospitali au za benki, zikichanganya mambo haya, kuna mtu mahali fulani atakayelia bila hatia.

Siku hizi daftari letu lina safu ya siku ya kuchukua na safu ya siku ya kurudisha, na kila kitabu kina mstari wake. Kosa la kuandika hukatwa na kutiwa sahihi. Kitabu kikirudi hakikatwi chochote, huongezwa tarehe tu.

Nami nilimwendea yule dada nikamwomba msamaha mbele ya darasa lao, kwa sababu jina lake lilisomwa mbele ya watu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama anaweza kukaa na kitabu cha historia wiki moja zaidi. Nikafungua daftari, nikaandika tarehe mpya kwenye mstari wa kile kitabu, na mingine nikaiacha ilivyokuwa.

Wenzangu, Boole alianza kazi akiwa na umri wetu, na hakuwa na mwalimu wala pesa. Sisi walimu tunao. Tusome, na yale tunayoyajua kuhusu wenzetu tuyahuishe, maana mtu aliyekosa mwaka jana huenda leo amesharudisha kitabu. Naweka kalamu chini.