Charles Ponzi: Mtu Aliyelipa Deni kwa Deni

Desturi ya kurasa hizi ni kuandika maisha ya mashujaa. Safari hii mimi naandika maisha ya tapeli, na sababu ninayo. Hapa Macalder dhahabu humpa mtu pesa za siku moja. Asubuhi anasaga mawe, jioni ameshauza, na mfuko umejaa kabla hajafikiria pesa aziweke wapi. Watu wa kuja kumfikiria hawakosi! Shangazi yangu aliwahi kuweka akiba yake kwa kundi moja lililoahidi kuizalisha maradufu. Mara ya kwanza alilipwa sawasawa, akawaita na majirani. Mara ya pili walikuta kufuli mlangoni. Ndipo nikataka kumjua huyo Ponzi ambaye ujanja wa aina hii umepewa jina lake dunia nzima.

Alizaliwa Lugo, Italia, tarehe 3 Machi 1882. Alipelekwa chuo kikuu mjini Roma, lakini jamaa akapenda starehe kuliko vitabu. Mnamo Novemba 1903 alishuka melini Boston, Marekani, akiwa na dola 2 na senti 50 tu. Nyingine zilikwisha kwenye kamari safarini. Akaosha vyombo, akahudumu mezani, akafukuzwa kwa wizi mdogo mdogo.

Mwaka 1907 alifika Montreal, Kanada, akaajiriwa katika benki ya Luigi Zarossi. Benki hiyo iliwalipa wenye akiba riba ya asilimia 6, mara mbili ya wengine, na wahamiaji kutoka Italia wakamiminika. Kumbe mikopo yake ilikuwa imeharibika, na riba ilitoka katika pesa za wateja wapya. Zarossi akatorokea Meksiko. Ponzi naye, akiwa hana hata senti, alighushi hundi akafungwa miaka 3. Mamake alimwandikia kwamba amepata kazi kwa mkuu wa jela! Baadaye alifungwa tena, Atlanta, kwa kuwavusha Waitalia mpakani kinyume cha sheria.

Hata hivyo, mtu huyu si rahisi kumpima. Alipokuwa kwenye kambi ya wachimba makaa ya mawe huko Alabama, muuguzi mmoja aliungua vibaya. Ponzi alijitolea kukatwa ngozi ya mgongo na miguu yake ili mgonjwa abandikwe. Hakuwa ndugu yake wala rafiki yake. Mimi jambo hili limenisumbua sana, kwa maana tumezoea kudhani tapeli ana sura yake.

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe. Mwaka 1919 alipokea barua kutoka Hispania, ndani mna kuponi ya posta. Kuponi hizo zilinunuliwa nchi moja na kubadilishwa kwa stempu nchi nyingine. Kwa kuwa pesa ya Italia ilikuwa imeshuka thamani baada ya vita, kuponi ya huko ilikuwa rahisi, na Marekani ilileta stempu za senti 5. Hapo faida ipo, si uongo. Basi Januari 1920 akafungua kampuni yake Boston, akaahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45.

Hebu tupige hesabu kidogo. Ukitaka stempu za dola milioni moja kwa senti 5 kila kuponi, wahitaji kuponi milioni 20. Nani atazibeba? Na stempu si pesa, utamwuzia nani? Lakini watu hawakupiga hesabu, walimwuliza jirani. Jirani alikuwa amelipwa kweli! Hapo ndipo penye ndoana: wa kwanza hulipwa sawasawa, kisha wao wenyewe huwa wahubiri, bila kujua kwamba faida yao ni akiba ya aliyesimama nyuma yao foleni. Hata askari polisi wengi wa Boston waliweka pesa. Kwa miezi michache akakusanya yapata dola milioni 15.

Julai gazeti la Boston Post lilianza kuuliza maswali. Watu walipokuja mbio kudai chao, Ponzi aliwalipa huku akiwagawia kahawa na maandazi, wengine wakaona haya wakarudi nyumbani. Mchunguzi Clarence Barron akasema zingehitajika kuponi milioni 160, ilhali duniani zilikuwa zikizunguka kama 27,000 tu. Tarehe 11 Agosti jela ya Montreal ikaanikwa gazetini. Tarehe 12 akakamatwa. Benki 6 zilianguka pamoja naye, na wenye akiba hawakurudishiwa hata nusu.

Ndugu ya ujanja huu ni piramidi, ambamo kila mtu sharti aingize wengine. Tuseme kila mmoja alete 6. Ngazi ya 8 yahitaji watu 1,679,616, kupita wakazi wote wa Migori. Ngazi ya 10 yapita Kenya nzima. Msiichanganye na nyoluoro ya mama zetu: pale watu 10 huchanga, kila mmoja hupokea kwa zamu, na hakuna anayeahidiwa zaidi ya alichotoa. Kenya tulilipia somo hili mwaka 2006 na 2007. Jopo la serikali lililoongozwa na Francis Nyenze lilikuta watu zaidi ya 148,000 wamepoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Tanzania nako kampuni ya DECI iliwaambia watu wapande mbegu, yaani pesa, wavune baadaye. Ikasimamishwa mwaka 2009.

Ponzi, akisubiri rufani, alikimbilia Florida akauza viwanja, vingine vikiwa chini ya maji. Alipomaliza vifungo alirudishwa Italia mwaka 1934. Mkewe Rose alibaki Boston, wakaachana. Akaenda Brazili kufanyia kazi shirika la ndege, nalo likafungwa wakati wa vita. Alifariki Rio de Janeiro tarehe 18 Januari 1949, katika wodi ya maskini, macho yakiwa karibu kupofuka. Pesa zilizopatikana kwake zilikuwa dola 75, nazo zikalipia mazishi.